Miwani Mingi, Sebule Moja

Dakika ya 55 ya mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia la 2010, Siphiwe Tshabalala wa Afrika Kusini alipenyezewa pasi upande wa kushoto, akaingia ndani ya kumi na nane na kuachia shuti lililokwenda kutulia kwenye kona ya juu ya goli la Mexico. Uwanja wa Soccer City ukalipuka kwa vuvuzela. Ng'ambo ya bahari, Marekani, watu wachache walilitazama bao hilo wakiwa sebuleni na miwani myeusi usoni. Chaneli ya ESPN 3D ilikuwa imeanza kurusha matangazo siku hiyohiyo, Juni 11, na mechi hiyo ndiyo iliyoifungulia pazia. Sony na FIFA walikuwa wamekubaliana kwamba mechi 25 kati ya 64 zipigwe kwa kamera pacha, mbili kwenye kila kituo, moja kwa ajili ya jicho la kushoto na nyingine la kulia. Kwa hiyo bao la kwanza la Kombe la Dunia kufungwa Afrika ndilo bao la kwanza la chaneli ile.

Chaneli yenyewe haikufika mbali. Mwisho wa Septemba 2013 ilizimwa. Kufikia Januari 2017 kampuni kubwa za mwisho zilizokuwa bado zinatengeneza televisheni za 3D, yaani LG na Sony, zilitangaza kwamba zimeacha. Ukiuliza kwa nini, wengi watakujibu kwamba watu hawapendi kuvaa miwani. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Picha zenye kina hazikuingia nyumbani kwa mara ya kwanza mwaka 2010. Nyumbani ndiko zilikozaliwa, na zilipendwa huko kwa zaidi ya nusu karne kabla hata sinema haijazitaka. Kilichokuja kuzikwamisha ni kutakiwa zitazamwe na familia nzima kwa mpigo.

Chanzo ni Charles Wheatstone, Mwingereza aliyetoka katika ukoo wa watengenezaji wa ala za muziki na ambaye baadaye alipata jina kwa simu ya maandishi. Mwaka 1838 aliwaeleza wanasayansi wa Royal Society jijini London jambo ambalo kila mtu hulibeba usoni bila kulifikiria. Macho yetu yametengana kwa sentimita sita na ushei, hivyo kila moja huona picha iliyo tofauti kidogo na ya mwenzake. Inua kidole mbele ya pua, fumba jicho moja, kisha badilisha, na kidole kitaruka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ubongo huzichukua picha hizo mbili, hupima tofauti zake, na kutoka humo hupata umbali. Wheatstone akasema: basi nikichora mimi mwenyewe picha hizo mbili, na nikalipa kila jicho ya kwake, ubongo utajenga kitu kisichokuwapo. Akasimamisha vioo viwili mezani, michoro huku na huku, na kitu kikajitokeza hewani. Ilibidi iwe michoro kwa sababu upigaji picha ulikuwa bado haujatangazwa. Daguerre alifanya hivyo mwaka uliofuata, na tangu hapo mambo mawili hayo hayakuachana.

David Brewster, mwanasayansi wa Scotland, ndiye aliyekifanya kifaa kile kiwe cha kushikwa mkononi. Mwaka 1849 aliondoa vioo akaweka lenzi. Fundi Jules Duboscq wa Paris alikitengeneza vizuri na kukipeleka kwenye Maonesho Makubwa ya London ya 1851, ambako Malkia Victoria alikitazama na kuvutiwa nacho. Baada ya hapo kila mwenye uwezo alikitaka. Mwaka 1854 ilianzishwa London Stereoscopic Company, kampuni iliyouza picha pacha. Lakini aliyekishusha bei hadi kwa watu wa kawaida ni Oliver Wendell Holmes, daktari na mwandishi wa Boston. Mwaka 1861 alibuni kifaa chepesi cha mbao: kishikio chini, lenzi mbili mbele, na kibao cha kusogeza kadi huku na huko. Akakataa kukichukulia hataza, mtu yeyote akiige apendavyo, na wakakiiga kwelikweli.

Ilikuwa hivi: kadi ngumu, picha mbili zilizokaribia kufanana zimebandikwa ubavu kwa ubavu. Unaichomeka, unasogeza kibao mpaka picha zinashikana, na piramidi za Misri zinasimama mbele yako, na mchanga ulio karibu unakuwa karibu kweli. Kampuni kama Underwood & Underwood ziliajiri wanafunzi wa vyuo wapite mlango kwa mlango wakati wa likizo wakiuza kadi hizo kwa maboksi. Mkulima wa Kansas ambaye hangefika Cairo maisha yake yote alikuwa na Cairo kabatini. Na aliyekishika kifaa ndiye peke yake aliyeona. Wengine walikaa wakisubiri zamu, wakimsikiliza akisimulia anachokiona, kisha akapokezana na wa pili. Hakuna aliyeona hilo kuwa kasoro. Kusubiri zamu kulikuwa sehemu ya burudani.

Sinema ilipokuja, haikuweza kupokezana. Ukumbi wa watu mia saba unahitaji njia ya kumpa kila mmoja picha mbili kutoka pazia moja, na njia za kufanya hivyo ni chache: rangi, kuziba na kufungua, au mwanga uliochujwa. Zote tatu zilikuwa zimefikiriwa mapema. Mjerumani Wilhelm Rollmann alieleza ile ya rangi mwaka 1853: picha moja kwa rangi moja, ya pili kwa nyingine, na miwani yenye vioo vya rangi hizo ili kila jicho lione yake tu. Septemba 1922 watu wa Los Angeles waliuziwa tikiti za *The Power of Love*, filamu ya namna hiyo, ambayo leo nakala yake haipatikani. Miezi mitatu baadaye, New York, Laurens Hammond alifunga kwenye kila kiti cha ukumbi wa Selwyn kifaa chenye kisahani kilichokuwa kikizunguka na kuziba jicho moja baada ya jingine, sambamba na projekta. Kiliitwa Teleview. Kilifanya kazi safi na kikafa palepale, kwa sababu hakuna ukumbi wa pili uliokubali gharama ile. Hammond akahamia kwenye kinanda cha umeme kinachobeba jina lake, na huko hakujuta. Wazo lake la kuziba na kufungua litarudi miongo kadhaa baadaye, na mwishowe likiwa na betri.

Njia ya tatu ndiyo iliyoleta kishindo, na kishindo chenyewe kinatuhusu sisi wa upande huu. Novemba 26, 1952, ilizinduliwa *Bwana Devil* ya Arch Oboler. Kisa chake kimetokana na simba wawili wa Tsavo walioua vibarua wa reli ya Uganda mwaka 1898 hadi kazi ya daraja ikasimama, mpaka John Henry Patterson alipowapiga risasi mwezi Desemba; ngozi zao zimejazwa na zimo hadi leo katika Field Museum ya Chicago. Filamu yenyewe kwa sehemu kubwa ilipigwa California, na wakosoaji hawakuisamehe, kwa haki. Lakini foleni zilizunguka mitaa. Mtazamaji alivaa miwani ya vichujio vya Polaroid, kazi ya Edwin Land, ambavyo havikuhitaji rangi nyekundu wala bluu. Kila jicho lilipokea mwanga uliolala upande wake, na rangi za picha zikabaki zilivyo.

Ndani ya chumba cha projekta kulikuwa na kasheshe. Filamu zilikuwa mbili, kila moja kwenye projekta yake, zikilazimika kwenda pamoja bila kupishana hata picha moja. Ukumbi wa kawaida ulikuwa na projekta mbili ili moja ikimaliza rili, ya pili ipokee. Sasa zote zilikuwa kazini kwa wakati mmoja, hivyo katikati ya onyesho taa ziliwashwa, watu wakasubiri rili zibadilishwe. Filamu moja ikikatika na fundi akaiunganisha kwa kupunguza vipande viwili bila kupunguza idadi hiyohiyo kwenye pacha wake, kuanzia hapo jicho la kushoto liliishi wakati tofauti na la kulia. Maumivu ya kichwa ambayo watu waliyasingizia miwani mara nyingi yalitoka huko juu. Mwaka 1953 ikaja *House of Wax*, iliyoongozwa na André de Toth, mtu mwenye jicho moja ambaye hakuweza kuiona kazi yake kama walivyoiona waliolipa tikiti. Kufikia 1955 fasheni ilikuwa imekwisha, ikimezwa na pazia pana la CinemaScope, ambalo halikudai chochote usoni.

Hollywood ilikumbatia 3D wakati ule ili kuwatoa watu nyumbani, kwani televisheni ilikuwa inawabakiza huko. Silaha hiyo haikuweza kugeuzwa upande wa pili kirahisi: runinga za wakati ule zilikuwa za rangi nyeusi na nyeupe, hivyo ujanja wa miwani ya rangi haukuwezekana, na kioo kimoja hakikuwa na namna ya kutoa aina mbili za mwanga. Si kwamba hawakujaribu. John Logie Baird alikuwa ameshaonyesha televisheni ya picha pacha jijini London mwaka 1928, wakati televisheni yenyewe ilikuwa bado kitoto. Aprili 1953 kituo kimoja cha Los Angeles kilirusha kipindi cha *Space Patrol* kwa majaribio, na mwenye runinga ya kawaida hakupata kina chochote. Familia za miaka hiyo zilizotaka kina nyumbani zilikuwa na View-Master, kifaa kilichozinduliwa mwaka 1939: kisahani cha kadibodi chenye picha 14 ndogo, zinazotoa mandhari saba, na wenzo wa kubofya. Kilidumu vizazi. Tena, mtoto mmoja kwa zamu.

Televisheni ya rangi ilipoenea, miwani ya karatasi ikarudi. Desemba 1980 huduma ya kulipia ya SelecTV, Los Angeles, ilirusha *Miss Sadie Thompson*, filamu ya 1953. Mwaka 1982 vituo mbalimbali vya Marekani vilirusha *Revenge of the Creature*, watu wakinunua miwani dukani kabla ya kipindi kuanza. Wengi waliishia kuona vivuli. Mawimbi ya televisheni ya Marekani yalibeba mwanga na kivuli kwa undani, lakini rangi yalizibeba kwa uvivu, zikichuruzika nje ya mipaka yake. Na ujanja wote huu ulitegemea rangi zibaki pale zilipowekwa. Nyekundu ilipovuja kwenye eneo la bluu, jicho moja lilipata mabaki ya picha ya jicho jingine. Ukirekodi kwenye mkanda wa video ndiyo unaharibu kabisa.

Njia ambayo kwa maoni yangu ndiyo pekee iliyoiheshimu sebule ilitoka kwa Carl Pulfrich, mwanafizikia wa kampuni ya Zeiss huko Jena, aliyeieleza mwaka 1922. Ukiziba jicho moja kwa kioo cheusi, si cha kufunika kabisa, taarifa za jicho hilo huchelewa kidogo kufika kwenye ubongo. Pendulamu inayoning'inia na kwenda kushoto na kulia huonekana kana kwamba inazunguka, inakuja kwako na kurudi. Pulfrich mwenyewe alikuwa ameshapoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja, hivyo aliandika kwa usahihi mkubwa kuhusu jambo ambalo macho yake hayangemwonyesha. Kwa televisheni, faida yake ilikuwa kubwa ajabu: picha inarushwa moja tu, ya kawaida kabisa. Mwenye miwani anaona kina. Bibi asiyetaka miwani anaona kipindi chake safi bila kivuli hata kimoja.

Wamarekani waliitumia kwenye burudani ya mapumziko ya Super Bowl ya 1989. BBC iliitumia Novemba 1993 kwa vipande viwili vifupi vya *Doctor Who* katika kampeni ya kuchangia watoto. Ukivitazama leo utashangaa kwa nini kamera haitulii, inazunguka tu, watu wakipita mbele na vitu vikipita nyuma. Sababu ni kwamba kina cha Pulfrich kinaishi kwenye mwendo. Kitu kikisimama, kinarudi bapa. Kikienda upande usiofaa, kilichopaswa kuwa mbele kinarudi nyuma. Mwongozaji anakuwa mtumwa wa upande mmoja, na hakuna hadithi inayoweza kusimuliwa hivyo kwa saa mbili. Ilikuwa suluhisho la kijamii lililokosa filamu.

Japani ilichukua njia ya Hammond. Katikati ya miaka ya 1980 zilipatikana huko diski za video na mitambo ya michezo, ukiwemo wa Sega wa mwaka 1987, iliyotumia miwani ya vioo vya fuwele za kimiminika vinavyozimika na kuwaka. Runinga ya kichogo ilichora picha kwa mistari, ya witiri kwanza kisha ya shufwa, hivyo seti moja ikapewa jicho la kushoto na nyingine la kulia. Ilimeta hadi macho yakachoka, lakini rangi zilikuwa kamili. Runinga bapa zilipofika, hazikuchora kwa namna hiyo, na miwani yote ile ikawa takataka.

Kisha projekta za kidijitali zikamaliza tatizo la rili mbili. Disney ilipeleka *Chicken Little* kwenye kumbi mwaka 2005, na James Cameron akaleta *Avatar* Desemba 18, 2009. Siku moja kabla yake, chama cha watengenezaji wa Blu-ray kilikuwa kimetangaza kwamba vipimo vya Blu-ray 3D vimekamilika. Kazi yao ilikuwa ya werevu: badala ya kurekodi filamu mbili nzima, diski hubeba picha kamili ya jicho moja, na kwa jicho la pili hubeba zile tofauti tu, hivyo ongezeko ni kama nusu ya ukubwa wa filamu moja. Diski hiyohiyo ilichezeka kwenye deki ya kawaida kama filamu bapa. Kwa mara ya kwanza, picha ya nyumbani ilikaribia ile ya ukumbini.

Machi 2010 Samsung na Panasonic zikaingia madukani Marekani. Tuitazame sebule hiyo kwa karibu. Miwani ni ya betri, mizito kuliko ya jua, na mwanzoni jozi moja iliuzwa kwa takriban dola 150. Televisheni inapishanisha picha mara 120 kwa sekunde, na kipeperushi cha miale isiyoonekana kinaiambia miwani lini izibe jicho lipi. Baba anavaa, mama anavaa, na jozi zilizokuja na televisheni zimekwisha. Watoto watatu wanaona picha mbili zilizopandana. Mmoja anakwenda kuazima miwani kwa jirani. Jirani ana televisheni ya kampuni nyingine, miwani yake haielewani na hii. Anayependa kutazama akiwa amejilaza ubavu kwenye kochi anaona kina kinavurugika, maana macho yake sasa yamekaa wima, moja juu ya lingine, na picha zimepangwa kwa macho yaliyolala. Mwanga umepungua zaidi ya nusu, kwa hiyo mapazia yanafungwa, na mwenye kutaka kuchambua mchele huku akitazama anafukuzwa. Ukijumlisha bei, unakuta miwani ya familia ya watu watano inakaribia kununua televisheni nyingine.

Na utazame nini? *Avatar*, ndiyo kila mtu aliyoitaka. Lakini toleo lake la 3D lilifungiwa kwa wanunuzi wa vifaa vya Panasonic kuanzia Desemba 2010, na halikuuzwa kwa uhuru mpaka Oktoba 2012. Wenye televisheni za Samsung waliitafuta mitandaoni kwa mamia ya dola. Sijui kama kuna biashara iliyowahi kujinyonga kwa ustadi zaidi: una bidhaa mpya inayohitaji filamu moja ya kuibeba, filamu ipo, na unaifungia kabatini kwa karibu miaka miwili.

LG iliona tatizo la miwani, na mwaka 2011 ikaleta televisheni zenye kichujio kwenye kioo chenyewe, zilizotumia miwani ya plastiki isiyo na betri, ya bei ya chini kama ya sinema. Hasara yake ilikuwa kugawana mistari: jicho moja lilipata nusu, lingine nusu. Mimi ningechagua hiyo bila kusita, kwa sababu sebule iliyojaa watu wanaoona vizuri kiasi ni bora kuliko watu wawili wanaoona vizuri mno. Lakini ilikuja wakati jina la 3D limeshaharibika masikioni mwa wanunuzi.

Mengine yalikwenda haraka. Sky 3D ya Uingereza, iliyoanza kwenye baa Aprili 2010, ilifungwa Juni 2015. BBC iliyokuwa imerusha fainali za Wimbledon na ufunguzi wa Olimpiki ya London kwa 3D ilisema mwaka 2013 kwamba inapumzika. Vipimo vya Ultra HD Blu-ray vilipotoka, 3D haikuwamo. Samsung iliacha mwaka 2016.

Diski, hata hivyo, hazikuacha kutoka. *Avatar: The Way of Water* iliuzwa kwa Blu-ray 3D mwaka 2023. Bob Furmanek na wenzake wa 3-D Film Archive wanaendelea kuzitafuta filamu za miaka ya 1950, wanalinganisha rili za kushoto na za kulia picha kwa picha, na kurudisha vipande ambavyo mafundi wa kumbi walivipunguza kwa mkasi. Kazi iliyofanyiwa umati inamfikia sasa mtu mmoja mwenye televisheni ya LG ya zamani au projekta ya nyumbani, na kwa usawa wa picha ambao wengi wa wale waliojipanga foleni mwaka 1953 hawakuupata.

Februari 2024 Apple ilianza kuuza Vision Pro, kifaa cha kuvaa kichwani chenye kioo cha kila jicho, na Disney ikaweka filamu zake za 3D humo tangu siku ya kwanza. Hakuna kivuli, hakuna mwanga uliopotea, hakuna rangi iliyovuja. Kila jicho linapata picha yake nzima, kama Wheatstone alivyotaka. Bei yake ilianzia dola 3,499, na mwenzako anayetaka kuona anakuomba ukivue.